Sufuria Iliyobaki Garini

Miaka ile ya tisini binti yangu alikuwa na mgahawa mdogo Malvern, mtaa wa pembeni mwa Toronto, kwenye safu ya maduka, kinyozi upande huu na dobi upande ule. Meza chache, jiko bovu. Mimi nilikuwa nimeletwa kutoka Tanga kulea wajukuu, nikaishia kumenya vitunguu. Sikulalamika. Kukaa ndani na watoto wanaonijibu Kiingereza kulinichosha kuliko vitunguu.

Bwana afya alikuwa ameshakuja mara moja. Alikuta mchicha umelowekwa kwenye sinki la kunawia mikono, akasema sinki lile ni la mikono tu. Akakuta maharage ya jana juu ya meza. Akasema chakula cha moto kikae moto hasa, cha baridi kikae baridi hasa, hapo katikati ndipo vijidudu vya maradhi vinapozaliana. Binti yangu alinitafsiria huku anacheka kidogo. Yule bwana hakucheka. Alimwambia akirudi akakuta mambo ni yale yale, atafunga mlango na kubandika karatasi hapo nje kila mpita njia aisome.

Basi ukatokea msiba. Mwanamume mmoja wa watu wetu alifariki, akaacha mke na watoto wadogo, mazishi yakapangwa Jumamosi asubuhi. Kwetu mfiwa hapiki. Wengine ndio wanaopika, na watu wakitoka makaburini wakute chakula. Binti yangu akajitolea kupika pilau. Alijitolea kwa moyo, na pia, nisimfiche, alijua kwamba watakaoila pilau ile ndio wenye mabinti wa kuozesha, na harusi hutaka mpishi.

Shida ilikuwa lile jiko. Lisingebeba sufuria tatu kubwa kwa asubuhi moja. Nilimwambia apike kidogo, tuongezee mikate. Akasema, Mama, pilau ya msibani haiongezewi mikate. Akapika Ijumaa alasiri, sufuria moja baada ya nyingine.

Kule nyumbani pilau ikishaiva unaipalia makaa juu ya mfuniko, chini unaacha moto mdogo, inakaa hivyo mpaka wageni waje. Toronto makaa utayatoa wapi? Akazifunga sufuria kwa mablanketi, akaziviringisha kama watoto wachanga, akazipanga sakafuni. Wanawake wetu wengi hapa walifanya hivyo, na sikumsikia hata mmoja akijiuliza kama blanketi lina moto wake.

Asubuhi akabeba sufuria ya kwanza akaiweka nyuma ya gari. Aliporudi kuchukua ya pili, bwana afya alikuwa ameshaingia.

Aliyafunua mablanketi taratibu, nadhani alidhani ataona kitu kingine. Akachomeka kipimajoto katikati ya nyama, akangoja. Alitaka nyuzi sitini. Mshale ulikomea chini sana ya hapo. Akapima ya pili, vile vile. Binti yangu akamweleza habari ya msiba, na yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, na sidhani kama pole ile ilikuwa ya mdomoni tu. Kisha akasema zote mbili zimwagwe mbele yake, na mgahawa ufungwe mpaka atakaporudi kuukagua. Pilau ilipokuwa ndani ya pipa, akaimiminia dawa ya kuondolea madoa ili mtu asije akaichota baadaye. Mimi nimepata kuiona njaa. Nilitoka nje, sikuweza kutazama.

Ya garini hakuiuliza, wala hakuna aliyemwambia.

Alipoondoka, binti yangu akaingia garini akaliwasha. Mimi nikafungua mfuniko kule nyuma nikatia mkono. Ilikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Harufu yake nzuri, karafuu na mdalasini, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu, maana pua haikunisaidia chochote.

Nikamuuliza, "Unakwenda wapi na hii?"

"Msibani, Mama. Watu wanatoka makaburini saa hizi."

"Si ndiyo ile ile?"

"Hii hakuipima."

Alikuwa analia huku anaendesha.

Ukumbini wanawake walitupokea kwa furaha ile ya watu wenye njaa. Wakaibeba sufuria, wakaanza kupakua. Mfiwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, na sahani ya kwanza akapewa bintiye mdogo, mtoto wa kama miaka minne. Akauchota wali kwa vidole. Nikaenda nikamnyang'anya sahani mkononi.

Nikasema, "Pilau hii msile. Imelala kwenye blanketi tangu jana, na bwana afya amezimwagisha nyingine mbili asubuhi hii."

Mtoto akaangua kilio. Mzee mmoja Mkenya, mtu wa mizaha, akajaribu kuokoa mambo. Akaniita bibi kwa lugha ya kwao, akasema, "Shosho, sisi tumekula kiporo tangu utotoni, na si tuko hapa?"

"Walio hapa ni waliopona," nikamjibu. "Wale wengine utamuuliza nani?"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akasonya, akasema nimebeba sheria za wazungu mpaka kwenye mkeka wa msiba. Mwingine akafunika sufuria. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na mlango, na watu wote walikuwa wanamtazama yeye, hawanitazami mimi.

Mfiwa akaniambia, polepole tu, "Mama, wanangu hawajala tangu jana."

"Najua, mwanangu. Nipe muda kidogo."

Nikatoka na jirani yake mmoja, tukanunua mikate, ndizi na maziwa. Tukachemsha chai. Watu waliokuja kumzika mwenzao wakala mkate mkavu wameinamisha vichwa. Wengine waliondoka bila kuaga.

Tuliporudi nyumbani, binti yangu aliimwaga sufuria ile mwenyewe. Nilitaka kushika upande mmoja, akaniambia niache.

Bwana afya alirudi, akakuta pamesuguliwa, akaturuhusu kufungua. Ila watu hawakurudi kama zamani. Harusi zilipofika, pilau ilipikwa kwingine, na sikuona kama huko walikoipika walikuwa na jiko kubwa zaidi. Hatimaye binti yangu akaufunga mgahawa, akapata kazi ghalani huko Malton, karibu na uwanja wa ndege. Anabadilisha basi juu ya basi, zamu za ajabu ajabu. Hatukuwahi kugombana kwa ajili ya jambo lile. Tuliacha tu kulitaja.

Asubuhi moja alikuwa anavaa viatu vya kazi, akasema bila kuinua kichwa, "Mama, na kama ile pilau ilikuwa nzima?"

"Basi watu walikula mkate siku moja."

"Na mimi?"

Akangoja nimjibu. Nilikuwa na jibu kwa kila mtu ukumbini siku ile, kwa yule mzee, kwa mfiwa mwenyewe. Kwa mwanangu sikuwa nalo. Akafunga kamba za kiatu cha pili, akavaa koti, akaniaga kwa adabu kama kawaida yake. Nilisikia basi likipunguza mwendo pale kituoni, na mimi bado natafuta la kumwambia.