Bingwa wa ndiva ya Mhezi

Tangu maji yaumbwe, hajatokea Mpare anayeogelea kunizidi mimi. Kama yupo, aandike jina hapa chini.

Hayo nimemwimbia binamu yangu Elia mwezi mzima.

Tunapanga likizo ya Unguja, kule Paje kwenye upepo. Unasimama kwenye ubao baharini, tiara kubwa kama paa la kanisa inakuvuta.

Elia haogelei hata kwenye beseni. Kaomba ruhusa kazini kwa sababu nimemwahidi nitamfundisha.

Leo mwalimu wa huko katuma ujumbe: "Mnajua kuogelea?"

Elia akasema, "Twende ndivani nikurekodi, tumtumie."

Kwa msio wa milimani, ndiva ni bwawa letu la kumwagilia. Utotoni tulikuwa tunaingia jioni, mashamba yakishakunywa.

Leo tumefika asubuhi, haijafunguliwa kwenda mashambani. Imejaa pomoni.

Nikaruka kwa mbwembwe.

Nikatafuta chini kwa miguu. Hakuna chini, jamani!

Mama Neema, aliyekuwa anasubiri zamu yake ya maji, kanivuta kwa mpini wa jembe. Nimetapika weee, halafu nikakumbuka adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toka, unachafua maji ya maharage yangu."

Chekeni tu, nimechoka hata kujitetea.

Elia hakucheka. Kafuta video, kaniuliza taratibu, "Kaka, kule baharini ungeniokoaje?"

Nikamwambia ukweli. Miaka yote ile ndivani sikuwa naogelea. Nilikuwa natembea, mikono ndiyo inapiga maji.