Kitanda Kilichomlaza Mama Chini

Mume wangu ni seremala, na kitanda kibaya kuliko vyote alivyowahi kutengeneza ni kile alichomtengenezea mama yangu. Nasema hivi bila woga kwa sababu mwenyewe anakiri.

Mama alikuwa akiishi Beni. Njia ya kwenda kwenye shamba lake la kakao ilipokuwa si ya kutembea tena kwa sababu ya watu wenye bunduki, nilimwambia aje akae nasi Butembo. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alituma neno kwamba anakuja baada ya siku kumi. Kwa kawaida mume wangu huzilaza mbao za mkaliptusi juu darini miezi mingi kabla ya kuzigusa. Safari hii alichukua mbao mbichi, bado zinanukia majani, maana hakuna mkwe anayetaka mama mkwe wake afike akute godoro limetandikwa sakafuni. Alizipiga randa, akazichonga, akazifunga kwa skurubu. Siku ya tisa kitanda kilikuwa tayari, kipana, cheupe, na mimi nilijivuna nacho kuliko yeye.

Miezi ile ya kwanza baada ya mama kufika naikumbuka kama ndoto ya asubuhi, ile ambayo mtu anaota huku anasikia sahani zinaoshwa. Ukungu ulikaa bondeni mpaka saa tatu, moshi wa majiko ukashindwa kupanda, na mama alikuwa akitembea uani polepole amejifunika vitenge viwili, akishangaa baridi. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilikuwa naamka na kukumbuka: mama yuko hapa.

Kisha akaanza kukohoa. Asubuhi moja nilimpelekea chai mapema kuliko kawaida, nikamkuta amelala kwenye mkeka, juu ya saruji tupu, na kitanda kimetandikwa vizuri kama cha mgeni ambaye hajafika.

“Mama, kitanda iko na nini?”

“Kitanda iko muzuri. Mugongo yangu ndiyo inapenda chini.”

Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Nilimwambia kwamba kama anaidharau nyumba yangu aseme wazi. Alikunywa chai, akakohoa, kisha akasema kwa sauti ya chini.

“Mwana wangu, ile kitanda inasema. Nikigeuka, inasema. Mukwe iko nyuma ya ukuta, anafanya kazi mpaka usiku, anasikia vile nageuka. Asubui nitamuangalia na macho gani?”

“Basi nimuambie aitengeneze.”

“Hapana muambia. Alijichokesha juu yangu, sasa nimuambie kazi yake ni mubaya? Ukimuambia, mimi narudia Beni.”

Mama alilelewa hivyo. Kwao mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali: mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe, na mama mkwe hali chakula akitazamwa na mkwe. Nilijua hatanii. Gunia aliloletea ndizi alikuwa amelikunja vizuri nyuma ya mlango, tayari kwa safari. Kwa hiyo niliachwa katikati: nikisema, mama anarudi kule ambako sitaki hata kufikiria, nisiposema, saruji ya Butembo inamla kifua.

Nikaamua kukitibu kitanda mwenyewe. Nilichukua mawese jikoni, nikayatia kwenye kila kiungo, nikisugua kwa kidole. Nikakaa juu, nikajitikisa, kimya. Niliona mimi ni fundi kuliko fundi. Siku ya kwanza kilinyamaza, na ya pili. Siku ya tatu sisimizi walipanda kwa mstari kutoka dirishani, shuka lilikuwa na madoa mekundu, na kitanda kilirudia kulia, safari hii kwa sauti nzito zaidi.

“Chumba hii inanuka sombe,” mama alisema, kana kwamba nilikuwa nimepika kisamvu mle, akautandika mkeka wake.

Ilibidi nimwendee mume wangu kwa kuzunguka. Karakana yake imeegemea chumba cha mama; katikati kuna ukuta wa mbao tu. Nilimkuta akipiga randa, maranda yakimwangukia miguuni.

“Kuna jirani,” nilisema, “kitanda yake inalia.”

“Jirani gani?”

“Wa kule chini.”

“Ni ya mukaliptusi?”

“Sijui. Labda.”

“Mbichi?”

“Mimi nitajuaje?”

“Iko mbichi,” alisema, bila kuinua kichwa.

Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wateja wanaolipa. Ubao haulii peke yake. Unalia kwa sababu mwenzake anausugua. Mbao mbichi zikikauka zinakonda, ulimi wa ubao unapwaya ndani ya tundu lake, skurubu zinalegea, na kila mtu akigeuka, vitu viwili vinakwaruzana. Kwanza, jirani aitafute sauti kwa mkono: mmoja akae na kujitikisa, mwingine ashike viungo kimoja kimoja, na kile kinachocheza chini ya kiganja ndicho chenye kosa. Akaze skurubu zote. Inayozunguka bila kushika aitoe, ajaze tundu kwa njiti ya kiberiti yenye gundi, airudishe. Pale ubao unapoingia ndani ya ubao, afungue, apake mshumaa mkavu au sabuni kavu. Na chini ya zile mbao nyembamba zinazobeba godoro, alaze vipande vya mpira wa pikipiki.

“Na umuambie jirani,” aliongeza, “mawese ni ya sombe.”

Nilitoka mle masikio yakiwaka moto.

Alasiri ya siku ile mawingu yalishuka mpaka kwenye vilima, mwanga ukawa wa kijivu laini unaomfanya mtu asinzie akiwa amesimama. Nilimwita mama. Nilikuwa na bisibisi, kipande cha mshumaa kilichobaki kwenye sala ya jioni, na mpira wa ndani wa pikipiki uliochakaa, nikaukata vipande kwa kisu cha jikoni. Mama alikaa, akajitikisa. Nilishika kiungo cha kichwani, kikacheza mkononi kama jino la mtoto. Nikakaza. Nikafungua, nikapaka, nikafunga. Tulienda hivyo kiungo kwa kiungo, na nyuma ya ukuta msumeno ulikuwa ukienda na kurudi, nadhani bila kukata kitu.

Tulipomaliza, mama alilala chali, akageuka. Kitanda kilitoa sauti moja ndogo.

Msumeno ukasimama.

“Muambie jirani,” ilisema sauti ya mume wangu upande wa pili, “muguu ya kule kwa dirisha haifike chini.”

Mama aliketi wima, akajiziba mdomo kwa kitenge. Mimi nilitamani saruji inimeze. Nilitazama nyuma ya mlango, lilipo lile gunia, nikawaza habari imeisha, kesho asubuhi nitamsindikiza kwenye gari.

“Mukwe,” mama alisema mwishowe. Hakuwa amewahi kumsemesha kupitia ukuta, wala kwa njia nyingine nje ya salamu.

“Ndiyo, Mama.”

“Ulianza kusikia siku gani?”

“Siku ya kwanza, Mama.”

“Na haukusema.”

“Haya ilinikamata, Mama. Nilijua mbao haijakauka.”

Mama aliutazama ukuta. Yeye alikuwa akimwonea haya mkwe kwa kugeuka kwake, na mkwe alikuwa akimwonea haya yeye kwa mbao zake, na wote wawili walikuwa wamenikabidhi mimi nikae katikati. Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

Kwenye upenyo kati ya mbao mbili vilitokea vidole vya mume wangu, vimeshika kabari nyembamba aliyokwisha kuichonga. Macho yake hayakuchungulia. Mama aliinuka, akaipokea mwenyewe.

“Wasingya,” alimwambia, akimshukuru kwa lugha yetu.

Niliisukuma kabari chini ya mguu wa dirishani. Mama alilala tena, akageuka kushoto, akageuka kulia. Kimya. Akajifunika mpaka kwenye kidevu, na kabla sijaokota bisibisi usingizi ulikuwa umemchukua. Mvua ilinyesha kidogo, ikapita.

Nilikuwa nimesimama uani sauti ilipoanza. Mama alikoroma. Si kukoroma kwa adabu: kulitikisa ukuta, kukavuka ua, kukafika kwa watu. Jirani wa nyuma alipaza sauti akimwuliza fundi anapasua mbao gani saa hizi.

“Mukaliptusi,” mume wangu alijibu, akaweka msumeno chini.

Alikuja tukakaa wote wawili kwenye ngazi ya jikoni, tukimsikiliza mpaka giza likaanza kuingia, nami nilikuwa nafuta machozi na kucheka. Mpaka leo mama analala kitandani. Na mpaka leo katika nyumba yetu hakuna aliyemwambia kwamba anakoroma, wala hakuna atakayemwambia.