Msusi Anayesaka Sheria

Msusi wa kiti cha karibu na mlango hatulii. Asubuhi yuko chuo kikuu, mwaka wa matayarisho, akisaka nafasi ya kusomea sheria na elimu ya uhalifu. Mchana yuko saluni kwa Mama Héritière, hapa Yeoville, mtaa wa wahamiaji. Vidole vinasuka, mguu unagonga sakafu, macho hayabanduki barabarani. Kila mteja lazima apewe somo. "Askari akija, dada, usikimbie. Muulize sababu. Sheria inakulinda." Mama humsikiliza kwa fahari ya mzazi.

Jana gari la polisi lilisimama nje. Mama alipogeuka, msusi hayupo, na mlango wa nyuma bado unabembea. Mteja, kichwa nusu kimesukwa, chanuo likining'inia nyweleni, akanong'ona: "Mama, na sisi bado tusikimbie?"