Jini la ploti ya Mama Ciku

Jini la Kitengela nimeliona leo asubuhi. Liko na mkia.

Wiki nzima jirani yangu Mama Ciku amekuwa akiamka anapata shimo jipya kwenye ploti yake, kubwa kama kaburi. Tayari alikuwa amefunga virago arudi kwao Murang'a.

Lemayian, anayelisha mbuzi hapo nyuma, alimwambia: "Mama, huyo ni mnyama tu, mhanga. Anachimba akitafuta mchwa."

Lakini nani asikize mtu wa mbuzi? Akaitwa pasta.

Pasta akainama kwenye shimo, akamwaga mafuta ya upako, akanguruma: "Toka!"

Jameni, likatoka.

Ngiri! Mkia juu kama eriali. Pasta akaruka fensi na suti yake yote. (Sikujua suti inaweza.)

Lemayian alicheka mpaka akakaa chini. "Mhanga akishachimba, ngiri anahamia. Hata yeye ni mpangaji tu."

Saa hii pasta ameandika kwenye grupu ya estate: pepo ametoka, Jumapili kuna ushuhuda na sadaka ya shukrani.

Sasa nyinyi niambieni, nani atamwambia pasta kwamba ngiri amesharudi ndani?