Mwalimu wa Ubatizo Aulizwa na Mkunga

Vidole vya mwalimu wa ubatizo vilikuwa vyembamba, vyeupe kwa chaki. Kila Alhamisi alichora ubaoni maduara mawili, moja la Mungu na moja la mtu, akachora la tatu kuyafunika yote, kisha akafuta upesi kabla mtu hajatia neno. Sauti yake, nzito kwenye amri kumi, hapo ilikonda. "Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili. Semeni!" Darasa zima likasema, isipokuwa bibi mkunga wa benchi la mbele. Jumapili, kabla ya kubatizwa, angeulizwa na kutakiwa kuikiri imani hiyo mbele ya watu, naye hakuwahi kukiri asilolijua. Mwalimu huyu kuna kitu anatuficha, aliwaza.

"Mwanangu, huyo Kristo alipozaliwa, alikatwa kitovu?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Bibi naye! Hata hapa yuko kazini!"

"Alikatwa, bibi," alisema mwalimu.

"Na angemponyoka mkunga?"

"Angeumia."

"Nani angeumia, Mungu au mtu?"

Mwalimu alishika kifutio, akakirudisha mezani. "Ni yule yule mmoja, bibi. Mungu angeumia. Nafundisha mwaka wa kumi na moja huu, na kila nikifika hapo naogopa."

Mkunga alimkagua uso kama alivyozoea kuwakagua akina baba wanaoapa kwamba mtoto ni wao. Waongo wote aliowajua hawakuwahi kuyaogopa maneno yao.

"Basi Jumapili nitakuja," alisema. "Ila lile swali la kama naamini uniulize wewe mwenyewe, nikikutazama machoni."