Paka wa Stoo ya Fundi Viti

Fundi viti alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kachero. Kwa hiyo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipomletea paka wa kukamata panya waliokuwa wakitafuna sponji stoo, roho haikumtulia. Zawadi bila sababu? Hapa pana jambo.

Paka mwenyewe alimzidishia wasiwasi. Uani, jua likiwaka, mboni zake zilikuwa vistari vyembamba kama uzi. Stoo, chumba kisicho na dirisha, mboni hizohizo zilijaa jicho zima, na macho yakamwakia kijani mara tu alipofungua mlango.

"Huyu si paka mmoja," alimwambia mkewe. "Mdogo wako ananibadilishia."

"Ili apate nini, mume wangu?"

Adhuhuri moja akajifungia stoo na paka, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Giza totoro. Akatumbua macho akiusubiri ule moto wa kijani. Wapi! Mara makopo ya gundi yakaporomoka: paka kajigonga kwenye rafu. Kachero akalivuta gunia kidogo, ukaingia utepe wa mwanga, na papo hapo macho yakawaka. Kumbe hayana taa yake, yanarudisha tu mwanga unaoyafikia. Bila hata chembe ya mwanga, paka naye haoni.

Lakini kwa utepe ule mdogo paka alipita katikati ya makopo bila kugusa hata moja. Kachero hakuuona hata mkono wake mwenyewe.

Akasikia sauti nje. Ni shemeji.

"Dada, umeshamwambia?"

"Nianzie wapi? Jioni ikiingia tu anapapasa kuta. Juzi kashona kitambaa ndani nje, akadai mteja kamchezea."

"Panya wanampita miguuni hawaoni! Nimeleta paka, sawa, lakini paka hatibu macho."

Kachero akausukuma mlango. "Mnanisengenya!"

"Tunakusengenya, ndiyo," shemeji akajibu bila kupepesa. "Twende hospitali."

Akafungua mdomo abishe, akaukumbuka mkono wake ambao hakuuona mle stoo. Siku zote alikuwa akimlaumu muuza balbu kwamba anamuuzia taa hafifu.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa. Kachero alimhoji muuguzi mpaka muuguzi akacheka, kisha akakubali kulala kitandani, huku kamshika mkewe mkono kwa nguvu.

Bandeji ilipotolewa, mtu wa kwanza Kachero kumwona alikuwa shemeji, amesimama mlangoni na chupa ya chai. Kachero akaipokea chupa bila kuuliza ndani mna nini, akasogea kitandani kumpa nafasi.

"Shemeji," alisema, "karibu ukae."