Sombe Ndani ya Kaseti

Enzi zetu pale Likasi, huku Kongo, sisi watoto wa kambi ya wafanyakazi, sauti ilikuwa kitu cha kusubiriwa. Redio-kaseti ya baba ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na hakuna aliyeigusa bila ruhusa. Betri zikichoka tulizianika juani, kisha tukachuchumaa mbele ya redio tukiwa tumeshika pumzi mpaka ikorome na kuanza kusema. Watoto wa leo wanaamka sauti ikiwa tayari masikioni. Mtume mmoja chumvi: atachomoa kidude, akuulize, "Unasema?" na chumvi itafika wageni wameshanawa mikono.

Kwetu asili yetu ni Kasai, na wazee walipenda kutuma kaseti kuliko barua, kwa sababu nyanya kule hakujua kusoma. Msafiri wa treni ndiye aliyezibeba. Jumapili baada ya misa, baba, ambaye alikuwa karani, alifunga tai yake kabisa kana kwamba nyanya angemwona, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akatutazama mmoja mmoja. "Munyamaze! Hata inzi isipite!" Tulikaa sakafuni tukiogopa hata ngurumo za matumbo yetu wenyewe, maana bukari, ugali wetu, ilikuwa bado haijasongwa.

Mama peke yake hakuogopa. Jumapili moja baba alikuwa ndiyo kwanza amesema, "Huku sisi wote tuko muzuri," kinu kikaanza uani, chini ya dirisha. Du, du, du. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Baba akavuta kiti, akaenda dirishani.

"Mama Kabedi, kelele!"

Kabedi ni mimi, mtoto wake wa kwanza. Mama akajibu bila kuacha mchi, "Sombe haina na bouton ya kuzima!"

Tulicheka mpaka tukaviringika. Baba alirekodi upya Jumapili iliyofuata, na kaseti iliyoharibika akaitupa kwenye kopo la misumari. Ile nzuri ilikwenda Kasai na haikurudi. Hii mbovu ndiyo iliyobaki.

Mama alifariki kabla simu za kurekodi hazijafika kwetu. Sauti yake haipo popote, labda humo tu. Nasema labda, kwa sababu sikumbuki jambo moja: baba alizima redio kabla mama hajajibu, au baada? Fundi wa sokoni alinihamishia kaseti ile kwenye simu, na utepe mkuukuu ukakatika mikononi mwake alipomaliza. Nasikiliza kwa vile vidude vya masikioni. Namsikia baba, kinu, kiti kikiburutwa, baba tena kwa mbali akisema kelele. Halafu unakuja mchakacho mrefu, kisha kitufe: ta! Ndani ya mchakacho huo siku nyingine namsikia mama kabisa. Siku nyingine sisikii kitu, nalia kwa hasira.

Ndipo binti yangu Nadège, anayefanya kazi Lubumbashi, aliponionyesha tangazo la kaske mpya, spika zile kubwa za kuvaa kichwani. Nyuma zina matundu kama chekecheo.

"Mama, hizi nyuma yake haifungwe," aliniambia. "Sauti inatembea sawa mu chumba. Mwenye iko mbali, unamusikia kwa mbali yake."

"Na mwenye iko uani?"

Akanishika mkono. "Mama, kama sauti haiko mu kaseti, kaske haiwezi kuizala."

Hata hivyo ameziagiza, na tunangoja zianze kuuzwa. Tangu siku hiyo sina raha. Nimesoma tangazo lile mpaka Nadège ananitania kwamba nitalihubiri kanisani. Pikipiki ikisimama mlangoni nainuka, ingawa najua muda wake bado. Juzi nimeunguza mboga nikiwaza ule mchakacho tu, na kile alichokiita baba kelele.

Zamani tukisubiri sauti, tulijua itatoka. Kama si leo ni kesho, na hata ikikoroma, tulikuwa wengi mbele yake, mabega yamegusana, tukicheka pamoja. Sasa dunia nzima inasema kwa mpigo, kila mtu na masikio yake, na mimi nangoja maneno machache ya mwanamke mmoja, peke yangu. Asubuhi namwomba Mungu kaske zifike upesi. Jioni namwomba azicheleweshe kidogo, maana mpaka zifike, mama bado anaweza kuwa yumo.